"Njia Naijua" Haitoshi: Taa za Baiskeli kwa Anayerudi Gizani

  Safari hii ukurasa wetu hauzungumzii wivu wala simu iliyofungwa kwa nywila. Tunazungumzia taa ya baiskeli. Usicheke kwanza.

Kuna dada mmoja wa Sakina ametuandikia. Mumewe anafanya kazi Njiro, na baada ya kuchoshwa na nauli na foleni amejipatia baiskeli ya mtumba, anakwenda nayo na kurudi nayo. Kitambi kimepungua, hela inabaki, na ile hasira aliyokuwa anaingia nayo ndani kila jioni imeyeyuka. Dada anakiri kwamba hiyo baiskeli imemrudishia mume wake wa zamani. Tatizo ni moja tu: ikifika saa moja na nusu jamaa hajafika, yeye hali chakula. Anakaa anasikiliza geti. Akimwambia anunue taa, jibu ni lilelile kila siku: njia naijua. Anauliza amfanyeje.

Sentensi hiyo naifahamu, na nadhani kinadada wengi wanaosoma hapa wanaifahamu pia. Na jamaa hasemi uongo, njia anaijua kweli. Anajua shimo la Kijenge liko upande gani, anajua tuta lipi halina rangi. Ila anayehitaji kujua jambo usiku ule si yeye. Ni dereva wa Noah anayekuja nyuma yake akiwa na abiria kumi, redio juu na simu sikioni, ambaye hajui kwamba mbele yake kuna mume wa mtu. Hilo ndilo la kumwambia, na kwa sauti ya upole: taa ya kwanza hainunuliwi ili wewe uone, inanunuliwa ili uonekane.

Sasa tuongee kwa undani, maana madukani kuna vitu vingi na nusu yake ni mapambo.

Kwanza giza lenyewe. Sisi tunaoishi karibu na ikweta giza letu halina adabu, haliji taratibu kama la Ulaya. Hapa Arusha jua huzama kati ya saa 12 na dakika 25 hivi mwezi Novemba na karibu saa 1 kasoro mwezi Februari, na likishazama una dakika kama 20 tu za kuona vizuri. Huko Momella na Ngare Nanyuki mambo ni magumu zaidi kwa sababu Meru yenyewe iko magharibi yao, jua linajificha nyuma ya mlima kabla halijafika chini. Asubuhi nako si salama sana. Kuna miezi jua linachomoza saa 12 na dakika 40, na anayetakiwa kuingia kazini saa moja anakuwa ameshatoka. Ongeza ukungu na manyunyu ya Juni na Julai kule Ilboru na Sekei, upate picha kamili.

Kwa hiyo mfanyakazi wa ofisini anayetoka saa 11 na nusu, akapitia kwa Mangi kununua mkate, akasimama kumsalimia mshikaji, tayari yuko gizani. Hakuchelewa baa wala hakuenda kwa mtu. Nalisema hili kwa faida ya amani ya nyumba.

Na zile dakika 20 za baada ya jua kuzama ndizo ninazoziogopa kuliko usiku wa manane. Wengine wamewasha taa, wengine bado. Macho hayajazoea giza. Watoto wanarudi kutoka kisimani, ng'ombe wanarudishwa, daladala zinagombea abiria wa mwisho. Ukisubiri giza liingie kabisa ndipo uwashe, umechelewa. Kuna jaribio lilifanyika Odense, Denmark, mwaka 2004 hadi 2005. Walichukua waendesha baiskeli 3,845, baadhi wakafungiwa taa ndogo zinazowaka muda wote, mchana na usiku, wengine wakaachwa kama walivyo. Katika mwaka mzima waliofungiwa taa walipata ajali za kuumia pungufu kwa asilimia 19. Na zile hazikuwa taa za maajabu, ni vitaa vidogo vinavyowashwa na sumaku kwenye gurudumu, bila betri.

Nyuma kwanza, mbele baadaye

Watu wengi wakiwa na hela ya taa moja tu wananunua ya mbele. Mimi nasema kinyume chake, hasa kwa mtu anayetumia barabara kuu. Wa mbele mnaonana, hata kwa taa zake yeye. Wa nyuma humwoni na huna namna ya kumkwepa. Piga hesabu hii: gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde mbili kugundua kile kivuli ni nini, mita 44 zimekwisha na breki hajaigusa. Barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru imetuletea raha, lakini imeleta na mwendo, na mwendo huo ndio unaokuja mgongoni kwa mwendesha baiskeli.

Taa ya nyuma iwe nyekundu. Nalisema kwa sababu siku hizi mjini utakuta mtu amefunga vimulimuli vya bluu, kijani, hadi vya zambarau, baiskeli inaonekana kama ukumbi wa harusi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usalama barabarani unataka baiskeli iwe na reflekta nyekundu nyuma, na iweze kuonyesha taa nyekundu nyuma na nyeupe au ya njano mbele. Maana yake ni lugha: dereva akiona nyekundu anajua kitu kinakwenda aendako yeye, akiona nyeupe anajua kinamjia. Ukiweka nyeupe nyuma umemdanganya, na atafanya uamuzi kwa kutumia uongo wako.

Iwake moja kwa moja au imulike-mulike? Hapa wataalamu wenyewe hawapatani. Ujerumani taa ya baiskeli ya kumulika-mulika hairuhusiwi kabisa. Kwa upande mmoja inashtua macho haraka, kwa upande mwingine dereva anapata shida kukisia uko umbali gani, maana kila akitaka kukupima unapotea. Kwa barabara zetu mimi napendelea ziwe mbili kama mfuko unaruhusu: moja imetulia, nyingine inamulika. Kama ni moja tu, jua likizama imulike, giza likishakuwa zito itulie.

Halafu iangalie imekaa wapi! Hili watu hawalifikirii. Taa imefungwa vizuri kwenye bomba la kiti, kisha kwenye keria panawekwa begi la laptop, au kapu la soko, au siku ya Jumatano na Jumamosi mtu anarudi Tengeru na mkungu wa ndizi. Taa inawaka, ila inawamulikia ndizi. Vilevile koti refu la mvua, na kanga ya mama aliyepakiwa nyuma. Ukiwa mtu wa kubeba mizigo, funga taa chini ya keria au kwenye madigadi, mahali ambapo mzigo haufiki. Na ile reflekta nyekundu iliyokuja na baiskeli, tafadhali fundi asiitoe eti inaharibu muonekano. Ndiyo pekee isiyohitaji betri.

Miguu inayocheza

Jioni moja nilikuwa natoka Usa River, nimekaa mbele na dereva. Kulikuwa na giza na manyunyu. Ghafla nikaona vitu viwili vidogo vya njano mbele yetu, kimoja kinapanda kingine kinashuka. Kabla sijajua ni nini, dereva alishapunguza mwendo na kusema taratibu, "baiskeli." Zilikuwa reflekta za kwenye pedali. Mwenye baiskeli mwenyewe tulimwona baadaye sana, tulipokuwa tunampita. Shati jeusi, suruali nyeusi, na taa hana.

Kumbe jambo hilo limeshapimwa. Mwaka 2012 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya majaribio ya usiku, wakitaka kujua dereva anamtambua nani. Mwendesha baiskeli aliyevaa nguo nyeusi alitambuliwa na madereva mara 2 tu katika kila 100. Aliyevaa kizibao chenye rangi kali inayong'aa mchana, mara 15. Aliyevaa kizibao chenye mistari ya kuakisi mwanga, mara 50. Aliyeongeza mikanda ya kuakisi kwenye vifundo vya miguu na magoti, mara 90. Ubongo wa binadamu unaijua miguu inavyocheza. Ukiona ule mchezo tu, unasema huyu ni mtu.

Ona sasa jinsi tunavyodanganyika na rangi. Kile kizibao cha njano kali tunachokiamini kinapata nguvu yake kwenye mwanga wa jua. Usiku, bila ile mistari ya fedha inayoakisi, ni shati tu. Kwa hiyo dada, hata kama bajeti imebana mwezi huu, anza na mikanda miwili ya kuakisi ya miguuni. Haizidi bei ya chakula cha jioni cha watu wawili, na ina faida nyingine: inazuia suruali ya ofisini isiliwe na cheni.

Taa ya mbele inategemea unapita wapi

Sasa tuje mbele. Hapa usimsikilize muuzaji kabla hujaifikiria njia yako. Anayekwenda kwenye barabara zenye taa za mtaani, na umeme ukiwepo, anahitaji taa ya kumtambulisha tu. Lumeni 100 hadi 200 zinamtosha. Anayepanda Ilboru, anayekwenda Moshono ndani, au anayeingia vichochoro vya migomba kule Nkoaranga, huyo anahitaji kuona. Aanzie lumeni 400, na kama anateremka kwa kasi kwenye vumbi, 600 au zaidi.

Kuteremka ndiko kwenye mtihani. Mji wetu umekaa kwenye mgongo wa Meru, yaani kila safari ina upande mmoja wa kuhema na mwingine wa kuachia. Baiskeli ikiteremka kilomita 30 kwa saa inapita mita 8 kwa sekunde. Kama taa yako inaonyesha mita 10 tu mbele, ukiona shimo umeshaliingia. Hapo una chaguo mbili, taa kubwa zaidi au mwendo mdogo zaidi, na la pili ni bure.

Wengi wanaokoa hela kwa kuvaa tochi ya kichwani. Mji wa watalii huu, tochi za kichwani zimejaa. Waongozaji na wapagazi wa Meru wanaondoka nazo Saddle Hut usiku wa manane kuelekea kileleni, mita 4,566, na kwa kazi hiyo hazina mpinzani. Ila ni kazi ya kutembea. Kwenye baiskeli ina kasoro mbili. Ya kwanza, shimo tunalitambua kwa kivuli chake. Taa ikiwa chini, kwenye usukani, kivuli cha shimo kinarefuka na unakiona. Taa ikiwa juu ya macho yako, kivuli kinajificha nyuma ya shimo lenyewe na barabara yote inaonekana bapa kama meza. Ukungu au vumbi likiwepo ndiyo balaa, unaona ukuta mweupe mbele ya pua. Ya pili, kila unayemtazama unampofusha, na dereva aliyepofushwa hakukwepi, anakuja tu. Ivae kama nyongeza ikiwa unaipenda, kwa ajili ya kurekebisha cheni na kutafuta funguo, lakini taa halisi ikae kwenye usukani.

Hata hiyo ya usukani usiielekeze machoni pa watu. Simamisha baiskeli hatua chache kutoka ukutani. Sehemu yenye mwanga mkali iwe chini ya kimo cha taa yenyewe. Kuna taa zilizotengenezwa kwa soko la Ujerumani ambazo mwanga wake umekatwa juu kama wa gari, hazipofushi mtu. Utazitambua kwa alama ya herufi K iliyotanguliwa na mstari wa mawimbi na kufuatwa na namba. Ukikutana nayo kwenye rundo la mtumba, usiiache. Na gari likija na taa kali machoni pako, usishindane nalo kwa kulitazama. Tupa macho ukingo wa kushoto wa barabara, punguza, pita.

Namba za kwenye boksi

Hapa naomba tuwe wakali kidogo. Boksi likiandikwa lumeni 10,000 na kitu chenyewe kinakaa kiganjani, hiyo ni hadithi. Njia rahisi ya kumkamata mwongo ni betri. Tochi nyingi za kuchaji zinatumia betri ya lithiamu iitwayo 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Betri hiyo ikiwa nzuri kabisa hubeba mAh 3,500 hivi. Ukiona imeandikwa 9,900, ujue aliyeandika hakuwa na aibu, na kama amedanganya kwenye betri, kwenye lumeni atasema kweli kwa nini?

Swali la maana dukani si "inawaka kiasi gani" bali "inawaka muda gani ikiwa kwenye mwanga mkubwa." Taa nyingi zinaanza kama jua na baada ya nusu saa zinakuwa mshumaa. Mtu wa Njiro hadi Sakina, kupitia Kijenge, Sanawari na Mianzini, akikutana na foleni anahitaji saa nzima ya uhakika na akiba juu yake. Tafuta yenye kionyesho cha chaji, isije ikazimika bila kuaga. Inayochajiwa kwa waya uleule wa simu yenu ni bora kuliko yenye waya wake wa pekee, maana waya wa pekee ukipotea na taa imekufa. Taa ya nyuma inayotumia betri ndogo za kawaida nayo si mbaya hata kidogo, kwa kuwa umeme ukikatika siku mbili, betri ya dukani ipo.

Kuhusu mvua, angalia alama za IPX. IPX4 inavumilia maji ya kurushwa kutoka kila upande, inatosha kwa siku nyingi. IPX7 inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa, hiyo ni ya wale ambao masika inawakuta njiani kila mwaka. Vumbi letu la volkano nalo ni adui mpole, linatanda kwenye kioo cha taa ya nyuma taratibu hadi nyekundu inakuwa kahawia. Futa kwa kidole kila siku. Imetosha.

Kabla hamjanunua, msitupe dainamo

Wazee wetu walioendesha Swala na Phoenix hawakujua kuchaji. Walikuwa na dainamo, kale kachupa kanakosuguana na tairi, volti 6 na wati 3 tu, na safari ikaenda. Ubaya wa kachupa kale kwa mji kama wetu ni kwamba nguvu yake ni mwendo wako. Ukipanda kilima unakwenda kwa kujikongoja, na taa nayo inajikongoja. Ukisimama njia panda, inazimika kabisa, pale pale unapotaka kuonekana.

Lakini dainamo za kisasa zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele, hazisuguani na kitu, na taa zake za LED zinahitaji umeme kidogo. Nyingi zina kihifadhi umeme ndani ya taa, kwa hiyo zinabaki zinawaka dakika kadhaa hata ukisimama. Habari njema ni kwamba baiskeli za mtumba kutoka Uholanzi na Ujerumani mara nyingi zinakuja nazo na mwenye baiskeli hajui. Hebu kaitazameni ya kwenu leo. Kama kitovu cha gurudumu la mbele ni kinene kuliko kawaida na pembeni kina kiunganishi cha nyaya mbili, mna mtambo wa umeme nyumbani mnaupiga mateke. Fundi mzuri atawaunganishia taa na hamtachaji tena.

Arusha haipaswi kushangaa mambo haya. Bernard Kiwia, fundi baiskeli na mbunifu wa hapahapa, alitengeneza chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli, na ni mmoja wa walioanzisha Twende, kituo cha ubunifu ambako watu wa kawaida wanajifunza kujitengenezea vifaa vyao. Umeme wa miguu si mgeni mjini kwetu.

Hatua mia moja

Turudi kwa dada wa Sakina na bwana wake asiyeshawishika. Kumpigia kelele hakusaidii, na kumnunulia taa ya sapraizi kunaweza kuishia kwenye droo. Mimi napendekeza mtoke wote wawili Ijumaa jioni, saa moja hivi, kwenye njia iliyotulia karibu na nyumbani, pembeni kabisa pasipo na magari. Yeye ashike baiskeli, wewe utembee hatua mia moja kurudi nyuma, uchuchumae hadi macho yako yawe kimo cha dereva wa gari dogo, umwangalie. Kisha mbadilishane. Wewe ndiye usimame pale gizani na nguo zako za kazini, yeye akutafute.

Hapo hakuna hotuba. Mwanaume anayetafuta umbo la mkewe gizani kwa hatua mia moja na asilione anaelewa mwenyewe kwa nini chakula hakishuki. Rudieni na tochi yoyote nyekundu, au hata reflekta tu mkiimulikia kwa simu, mwone tofauti. Mkishanunua taa, jaribio ni hilohilo: nyuma, mbele, na pia kutoka ubavuni, maana kwenye njia panda gari linakuja ubavuni. Taa inayoonekana kutoka nyuma tu ni nusu taa.

Na wewe dada una wajibu wako. Acha kumtumia "uko wapi" akiwa barabarani. Simu inalia mfukoni, anataka kujibu, mkono mmoja unaachia usukani, macho yanashuka. Mkubaliane apige kabla hajatoka ofisini, aseme anapita njia ipi. Baada ya hapo simu inyamaze hadi geti lilie.

Kuna hoja moja ya kinababa ambayo siidharau: taa inanitangaza kwa vibaka. Nimeisikia mara nyingi, hasa kwa wanaokatiza Sombetini au vichaka vya kando ya mto. Ni kweli giza linaficha. Ila linakuficha pia kwa lori, na lori halina huruma ya kuchukua simu likakuacha. Kwenye barabara kubwa sina mjadala, taa iwake. Kwa vichochoro, dawa ni kubadilisha njia hata kama inaongeza dakika kumi, au kuwa na kampani. Wanaoondoka ofisi moja kuelekea upande mmoja wasubiriane. Kinadada wanaoendesha, na siku hizi mko wengi, kwenu hili la kampani ni la lazima zaidi. Mkiwa kundi, wa mwisho ndiye awe na taa ya nyuma yenye nguvu kuliko wote, na wa mbele ndiye mwenye ile kubwa ya kuonyesha mashimo. Wa katikati wazime vimulimuli, vinachosha macho ya wenzao.

Wizi wa taa zenyewe upo, tusidanganyane. Chagua inayotoka kwa kubonyeza au kwa mpira wa kuvuta, na ukiegesha Soko la Kilombero au nje ya benki, toa zote mbili utie mfukoni. Dukani jaribu kuitoa na kuirudisha kwa mkono mmoja, mara tatu, maana utafanya hivyo kila siku. Mwombe muuzaji azime taa za duka, umulike ukutani. Mpira uvute uone kama una nyufa. Usukani wa baiskeli za zamani ni mwembamba, wa hizi za milimani ni mnene. Nenda na baiskeli yenyewe, usikisie.

Kuchaji kuwe na siku maalumu. Kuna wanandoa nawajua ambao Jumapili na Jumatano usiku taa zinawekwa kwenye chaja pamoja na simu zao, mezani, na asubuhi atakayeamka kwanza ndiye anayezirudisha kwenye baiskeli. Mara nyingi ni mke. Mume anazikuta zimeshafungwa, ya nyuma imeshawashwa, anatoka nayo hivyohivyo saa 12 na robo.